Maswali na Majibu ya Nyumba: Mapukutiko ya Maine na Majirani Wako Wapya

Tangu mwanzo wa Septemba, barua nyingi zinazofika katika ukurasa huu zimetoka jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, kwa familia za Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wakenya na Watanzania zilizohamia Lewiston, Auburn, Portland na Westbrook. Wengi wanauliza habari za kununua nyumba, na karibu kila mmoja wao, akikaribia kumaliza barua yake, anauliza pia habari za mtaa: watoto waende wapi, majirani wasalimiweje, na kwa nini mji mzima umejaa maboga. Mimi ni dalali wa nyumba katika jimbo hilo, na nimezijibu barua hizi pamoja kwa kuwa naamini kwamba anayenunua nyumba hununua na majirani, na hakuna msimu unaomwonyesha mnunuzi majirani hao waziwazi kuliko huu wa mapukutiko.

Ndugu Dalali, mimi na mume wangu tumepanga nyumba Lewiston kwa miaka minne, na sasa benki imekubali kutukopesha. Rafiki zetu wanatuambia tusubiri hadi majira ya kuchipua kwa sababu huku watu hununua nyumba wakati huo. Je, tusubiri? — Mama wa watoto watatu, Lewiston

Dada yangu, rafiki zako wanasema kweli kwamba nyumba nyingi huingia sokoni kuanzia Aprili, lakini wanunuzi nao huwa wengi wakati huo, na familia zenye watoto hushindana ili zihamie kabla shule hazijafunguliwa. Ikifika Oktoba ushindani hupungua, na mwenye nyumba ambaye kibao chake cha kuuza kimesimama uani tangu kiangazi, huku akijua kwamba theluji iko njiani, mara nyingi huwa tayari kuzungumza bei na kukubali masharti ya ukaguzi. Ningekushauri uanze sasa, bila kukimbia.

Sababu kubwa zaidi ni kwamba msimu huu nyumba haiwezi kuficha mengi. Majani yakianguka, mifereji ya paa iliyoziba hufurika mvua inaponyesha na kuacha michirizi ukutani. Paa lenyewe, ambalo Januari litakuwa chini ya theluji, bado linaonekana lote. Na boila, yaani mtambo wa kupasha nyumba joto, imekwisha kuwashwa, kwa hiyo unaweza kusikiliza mngurumo wake na kugusa mabomba ya kila chumba ili ujue kama joto linafika. Usiondoke bila kushuka katika chumba cha chini ya ardhi. Nyumba nyingi za Maine hupashwa joto kwa mafuta, na huko chini utakuta tangi la chuma, kwa kawaida la galoni 275, yaani zaidi kidogo ya lita 1,000, lenye kijichupa cha plastiki juu yake ambamo kiboya kidogo hupanda na kushuka kuonyesha kiasi kilichobaki. Inama utazame miguu ya tangi kama imeliwa na kutu, nusa kama kuna mafuta yanayovuja, kisha mwombe muuzaji stakabadhi za mafuta za misimu miwili ya baridi iliyopita, kwa sababu ni hizo zitakazokuambia gharama ya kweli ya kuishi humo, na si rejesho la mkopo peke yake. Ujue pia kwamba siku ya kukabidhiana nyumba mafuta yaliyobaki katika tangi hupimwa, na kwa desturi ya huku mnunuzi humlipa muuzaji thamani yake; nimewaona wenzetu wengi wakishtuka kulikuta deni hilo katika hesabu ya mwisho.

Nyumba za katikati ya Lewiston ni kuukuu, nyingi zikiwa zimejengwa wakati viwanda vya nguo vya kandokando ya Mto Androscoggin vilipokuwa vikiajiri maelfu ya watu. Kwa nyumba yoyote iliyojengwa kabla ya 1978, sheria ya shirikisho inamlazimu muuzaji akueleze anachokijua kuhusu rangi yenye madini ya risasi na akupe nafasi ya kuipima. Wewe una watoto, na risasi huharibu ubongo wa mtoto kimyakimya, kwa hiyo tafadhali usikubali kuiacha haki hiyo hata ukiambiwa kwamba mnunuzi mwingine anasubiri mlangoni. Mwombe mkaguzi apime pia gesi ya radoni, ambayo hutoka ardhini na haina harufu, na kama nyumba ina kisima, apime maji kama yana sumu ya aseniki. Yote mawili hupatikana Maine mara kwa mara.

Tangu Agosti 2024, dalali wa mnunuzi kwa kawaida hukutaka mtie saini mkataba wa maandishi kabla hajakutembeza katika nyumba yoyote. Usiogope karatasi hiyo, bali isome: malipo yake lazima yaandikwe wazi, na kiwango chake pamoja na muda wa mkataba ni mambo ya kujadiliana.

Ukiipenda nyumba, rudi mtaani pake peke yako, bila dalali. Nenda asubuhi, basi la shule linapopita, uone ni watoto wangapi wamesimama kituoni na kama watu wazima wanasalimiana. Nenda Jumamosi, watu wanapokuwa nje wakikusanya majani, kwa kuwa mtu aliyeshika reki yuko radhi kuzungumza kuliko wakati wowote mwingine wa mwaka. Nenda tena baada ya Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa zinaporudishwa nyuma na jua kuanza kuzama kama saa kumi na nusu alasiri, utazame taa za barabarani na ujiulize kama mtoto wako atarudi salama kwa miguu kutoka mazoezini. Uliza pia gari litalala wapi, kwa sababu theluji ikianguka miji hii hukataza kuegesha barabarani usiku, na nyumba isiyo na maegesho yake ni taabu ya miezi minne.

Ndugu yangu, nilimwomba dalali mmoja, naye ni mtu wetu kabisa, anionyeshe mtaa wenye Wakongo wengi ili watoto wangu wasipoteze lugha. Akakataa kunijibu. Nilijisikia vibaya. Kwa nini mtu wa lugha yangu aninyime jambo dogo hivyo? — Baba wa familia, Westbrook

Ndugu yangu, pole, lakini huyo mwenzangu alifanya ilivyompasa, na mimi ningekujibu vivyo hivyo. Sheria ya Marekani ya haki katika makazi ilitiwa saini tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, nayo inakataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba kwa sababu ya rangi, dini au taifa la asili. Makatazo hayo yanamgusa pia dalali anayemwelekeza mteja katika mtaa fulani, au kumwondoa katika mtaa fulani, kwa kutazama asili ya watu wanaoishi humo. Kwa miongo mingi madalali walitumia njia hiyo kuwafungia watu weusi katika vitongoji vichache, huku wakiwaambia wazungu kwamba mtaa fulani “hauwafai”, na alama za kazi ile bado zinaonekana katika miji mingi ya nchi hii. Sheria haina mlango wa pembeni kwa ajili ya sisi tunaozungumza Kiswahili. Nikianza kuwapanga Wakongo huku na Wasomali kule, hata kwa nia njema, nitakuwa nimeifanya kazi ile ile iliyowaumiza watu walionitangulia, na sitaki.

Ninachoweza kukueleza ni bei, ukubwa wa nyumba, umbali wa kwenda kazini, kodi ya mali na njia ya basi. Habari za watu utazitafuta mwenyewe, na msimu huu zinapatikana bila shida.

Anzia uwanja wa mpira. Ligi za soka za shule za sekondari huanza karibu na kufunguliwa kwa shule na kumalizika mwanzoni mwa Novemba, na kwenye jukwaa la mechi ya jioni utasikia Kiswahili, Kilingala, Kifaransa, Kireno na Kisomali ndani ya dakika kumi. Timu ya wavulana ya Lewiston High School ilitwaa ubingwa wa jimbo kwa mara ya kwanza mwaka 2015, na sehemu kubwa ya wachezaji wake walikuwa watoto wa familia za wakimbizi, wengi wao Wasomali waliopitia kambi za Kenya. Wazee wa mji ambao hawakuwahi kubisha hodi kwa jirani Mwafrika walisimama wakawashangilia watoto wale kwa majina, na wapo wanaoendelea kuja uwanjani mpaka leo.

Kisha nenda soko la wakulima la Lewiston kabla ya sakitu ya kwanza, ile barafu nyembamba ya usiku, ambayo huku huanguka mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba na kuua mchicha wote kwa usiku mmoja. Utakuta lengalenga, bilinganya, mahindi na maboga yaliyolimwa na Waafrika wenyewe. Jumuiya ya Wasomali Wabantu inalima katika mashamba yaitwayo Liberation Farms, katika mji mdogo wa Wales, na baadhi ya wakulima hao ni wazao wa watu waliochukuliwa kutoka Tanzania ya leo katika karne ya 19 na kuuzwa Somalia, nao bado wanazungumza Kizigua. Mtu wa Handeni, Tanzania, akisimama mbele ya meza yao atasikia maneno ya nyumbani kwao, jambo ambalo hakuna orodha ya nyumba ingeweza kumpa.

Kwa kuwa wewe bila shaka unajua Kifaransa, zungumza pia na wazee wa Lewiston wenye asili ya Quebec, ambao babu zao walikuja kwa treni kufanya kazi viwandani, na ambao utotoni walikatazwa kusema Kifaransa shuleni. Wapo waliokuwa hawajapata mtu wa kuzungumza naye lugha hiyo kwa miaka mingi mpaka walipofika Wakongo. Watoto wako watajifunza mengi wakiona jinsi lugha inavyopotea na jinsi inavyorudi.

Na kama ipo siku mwenye nyumba au dalali atakunyima nyumba kwa sababu ya asili yako, au kwa sababu unapokea msaada wa serikali, peleka malalamiko yako Tume ya Haki za Binadamu ya Maine. Sheria ya jimbo inakulinda katika yote mawili.

Dalali, tuna watoto wanne na mshahara mmoja. Shuleni watoto wanasikia wenzao wakisimulia mambo ya mwishoni mwa wiki, nao wanarudi wakiwa wanyonge. Tuwapeleke wapi bila kumaliza fedha? — Msomaji, Auburn

Anza na matofaa, yaani apple, kwa sababu shamba la matofaa halidai kiingilio kikubwa, na mara nyingi halidai kabisa: unalipia mfuko, na mnachojaza ndani yake ni chenu. Kuna mashamba Auburn kwenyewe, na Turner, mwendo mfupi kuelekea kaskazini, iko Ricker Hill, ambayo familia moja imeilima tangu 1803. Msimu huanzia Septemba hadi katikati au mwishoni mwa Oktoba. Tofaa la aina ya McIntosh hutangulia, nalo ni laini na lina ukali kidogo. Cortland huja baadaye na lafaa kwa kachumbari kwa kuwa halibadiliki rangi upesi likikatwa. Honeycrisp ndilo watoto hulipenda na ndilo la bei ya juu.

Wafundishe watoto kuchuma kabla hawajaanza kukimbia kati ya miti. Tofaa halivutwi kwenda chini. Mtoto alishike kwa kiganja chote, alinyanyue kama anayeligeuza kuelekea mbinguni, kisha alizungushe kidogo. Likiwa limeiva litaachia lenyewe pamoja na kikonyo chake, na kile kijiti kifupi kilicholibeba, ambacho tayari kina jicho la ua la mwaka ujao, kitabaki mtini. Akilivuta kwa nguvu, atang'oa kijiti na kuangusha matofaa mengine matano. Mwenye shamba huyaona hayo kutoka mbali, na familia yenye watoto wanaojua kuchuma hukaribishwa kwa jina mwaka unaofuata.

Utauziwa pia maji ya matofaa yaliyokamuliwa hapohapo, yaitwayo cider. Hayo hayana kileo, na Mwislamu anaweza kuyanywa kwa amani, ila chupa ikiandikwa hard cider ujue ni pombe. Wanaokamua bila kuyachemsha huandika hivyo kwenye chupa, na hayo msimpe mtoto mdogo wala mama mjamzito.

Majani hayana tiketi. Siku zinapofupika, mti huacha kutengeneza ile kemikali inayoyapa majani rangi ya kijani, na manjano iliyokuwamo tangu mwanzo hujitokeza. Nyekundu ya miti ya mepo, ile ambayo utomvu wake huchemshwa kuwa shira, mti huitengeneza upya msimu huu, na mchana wa jua ukifuatwa na usiku wa baridi huikoleza. Rangi huanzia kaskazini mwishoni mwa Septemba na kufika pwani katikati ya Oktoba au baada yake, na serikali ya jimbo hutoa taarifa kila wiki kuhusu mahali zilipofikia. Lewiston mna msitu wa hifadhi ya ndege wa Thorncrag, ambao hauna kiingilio. Pownal iko Bradbury Mountain, kilima ambacho hata mtoto wa miaka mitano hufika kileleni kwa miguu yake, na kutoka hapo huona bahari kwa mbali.

Maonyesho ya kilimo ndiyo yanayogharimu. La Fryeburg, ambalo lilianza mwaka 1851 na hufanyika mwanzoni mwa Oktoba karibu na mpaka wa New Hampshire, lina maksai wanaoshindana kuvuta mizigo mizito, na mzee yeyote aliyelima kwa plau Sumbawanga au Shinyanga atatamani kubaki hapo siku nzima. Lakini ukijumlisha kiingilio, mafuta ya gari na chakula, kwa familia ya watu sita ni fedha nyingi. Kama itabidi mchague, chagueni matofaa mwaka huu na maonyesho mwaka ujao. Uliza pia maktaba ya mji wako, kwa sababu maktaba nyingi huazima tiketi za bure au za nusu bei za makumbusho na hifadhi, na kadi ya maktaba haina malipo kwa mkazi.

Tarehe 31 Oktoba watoto wa mtaa watabisha mlango wakiomba pipi. Imani yetu hairuhusu mambo ya mizimu. Tukikataa, majirani watatuchukia? — Familia ya Kilokole, Portland

Hapana, hawatawachukia. Desturi ya Halloween ina kanuni ambayo hata mtoto wa chekechea anaijua: nyumba yenye taa ya barazani iliyowashwa inapokea wageni, na nyumba yenye taa iliyozimwa haibishwi hodi. Mkizima taa hakuna atakayeuliza sababu, kwa kuwa wapo Wamarekani wengi, Wakristo na Waislamu, wafanyao hivyo. Familia nyingine huchagua njia ya kati: hawavalishi watoto wao, hawapambi nyumba, lakini huwasha taa, huketi barazani na bakuli la pipi zilizofungwa kiwandani, na kuwasalimia watoto na wazazi wanaopita. Sitaki kuingilia imani yenu. Nasema tu kwamba ndio usiku pekee katika mwaka ambapo karibu mtaa mzima hupita mbele ya mlango wenu kwa miguu, na baba wa nyumba ya sita, ambaye hujapata kumwona isipokuwa ndani ya gari, husimama na kutaja jina lake. Boga peke yake barazani, lisilochongwa uso, ni pambo la mavuno na halina uhusiano na mizimu.

Nimehamia Lewiston mwezi wa Julai. Jirani yangu ameniambia kwamba mwishoni mwa Oktoba mji huwa na huzuni, nikaogopa kumuuliza zaidi. — Dada wa hospitalini, Lewiston

Jioni ya tarehe 25 Oktoba 2023, mtu mwenye bunduki aliwaua watu 18 katika ukumbi wa mchezo wa bowling na katika baa moja ya mji wako. Wanne kati yao walikuwa viziwi, na jumuiya ya viziwi ya Maine ni ndogo kiasi kwamba kila mmoja wao alipoteza mtu anayemjua. Kwa siku mbili watu walifungiwa ndani mpaka mwuaji alipopatikana akiwa amekufa. Katika mji wa watu wapatao 37,000, kila mtu ana jina moja analolibeba. Ikifika tarehe hiyo utaona mishumaa na maua, na inafaa sana uhudhurie kumbukumbu ya hadhara kama ratiba yako ya kazi inaruhusu. Huhitaji kusema maneno mengi. Wewe umetoka mahali ambapo watu hukaa na wafiwa bila kuulizwa, nako ni kukaa huko huko.

Tumenunua nyumba nje ya mji, karibu na msitu. Alfajiri tunasikia risasi. Je, tupige simu polisi? — Msomaji, karibu na Auburn

Ni wawindaji wa kulungu. Uwindaji wa bunduki huchukua karibu Novemba yote, hadi Jumamosi inayofuata Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kutoa shukrani, na Jumapili hauruhusiwi Maine. Mwindaji haruhusiwi kufyatua risasi ndani ya yadi 100, kama mita 90 hivi, kutoka kwenye nyumba ya kuishi bila ruhusa ya mwenyewe. Likitokea hilo, piga simu bila kusita. Katika jimbo hili, ardhi binafsi isiyowekwa alama kwa desturi huhesabiwa kuwa wazi kwa wapitaji, kwa hiyo kama hutaki watu kwako weka vibao au alama za rangi ya zambarau kwenye miti ya mpakani. Kila anayetoka nje kwa miguu, pamoja na watoto na mbwa, avae fulana ya rangi ya machungwa inayong'aa. Na watoto wakitoka kucheza katika majani, wakagueni nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele, kwa sababu kupe wa kulungu, wanaoleta ugonjwa wa Lyme, bado wako kazini Oktoba na Novemba.

Jirani ananihimiza niende kupiga kura naye Novemba. Nina kadi ya kijani. Niende? — Msomaji, Portland

Usijiandikishe wala usipige kura kabla hujawa raia. Jirani yako ana nia njema na huenda hajui tofauti, lakini kwa asiye raia kosa hilo linaweza kumfanya afukuzwe nchini, hata kama alifanya kwa kutokujua. Mshukuru, umweleze, kisha muulize mikutano ya baraza la mji na ya bodi ya shule hufanyika lini, maana kuhudhuria huko ni haki ya kila mkazi, na kodi ya mali utakayoilipa hujadiliwa humo.

Mwanangu, hujambo. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, ninaishi na binti yangu Auburn, naye hufanya kazi usiku. Wiki iliyopita jirani, mama wa Kizungu wa umri kama wangu, ametuletea pai ya matofaa, na mwanawe akakusanya majani ya uani kwetu bila kuombwa. Sijui desturi zao. Je, nirudishe sahani tupu, na je, niwalipe? — Babu, Auburn

Shikamoo mzee wangu. Usiwalipe, kwa maana watajisikia vibaya. Sahani irudishe kama ambavyo ungeirudisha nyumbani, ikiwa na kitu ndani yake: mandazi, kalimati, au sambusa chache za moto. Watu wa Maine hawana maneno mengi, na wanaweza kukaa miaka miwili wakikupungia mkono tu, lakini wakishaleta chakula mlangoni mwako wamekukubali kuwa jirani, na sahani inayorudi na kitu wanaielewa bila mkalimani.

Kuhusu majani, kazi hiyo waweza kuifanya mwenyewe kidogokidogo mchana wa jua, na ni afya kwako. Yanatiwa katika mifuko mikubwa ya karatasi inayouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi, na mji hutangaza siku za kuyachukua, au mahali pa kuyapeleka. Usiyasukume barabarani, yasije yakaziba mifereji ya maji ya mvua, wala upande wa pili wa mpaka. Lakini usiyatoe yote. Yarundike pembeni mwa ua, yaoze polepole, na baada ya mwaka mmoja au miwili utakuwa na mbolea ya kupandia mchicha na maboga yako.

Muulize mama huyo kama yupo mahali pa kula maharage Jumamosi. Miji midogo ya jimbo hili ina desturi ya zamani ya chakula cha jioni cha maharage, katika kumbi za makanisa au za vyama vya wakulima viitwavyo Grange, na watu huanza kuketi kama saa kumi na moja, kwenye meza ndefu, wageni wakichanganywa na wenyeji. Maharage hupikwa polepole kwa saa nyingi kwa molasi, ile shira nyeusi ya miwa, pamoja na mkate wa kahawia na kabichi, na pai mwishoni. Kwa kawaida hutiwa kipande cha nyama ya nguruwe, kwa hiyo kama huli, uliza kabla ya kupakuliwa. Mara nyingi huwa na sufuria ya pili isiyo na nyama, nao hawachukizwi na swali. Hapo ndipo utakapojua nani anauza kuni kavu, nani ana trekta ya kusukuma theluji, na mzee gani anatafuta mwenziwe wa kucheza naye karata wakati wa baridi, na kama hujui Kiingereza sana, bao lako litakutambulisha vizuri ukilibeba.

Ukialikwa mahali ambapo kila mtu huja na chakula chake, mwambie binti yako aandike kwenye kikaratasi vilivyomo ndani ya sufuria yenu, hasa karanga, maziwa na unga wa ngano, akiweke mbele ya sufuria mezani. Huku wako watoto na watu wazima ambao kijiko kimoja cha mchuzi wa karanga chaweza kuwapeleka hospitalini usiku uleule.